Waya wa Karavani ya Tisa

Nilipostaafu kazi ya ofisi hapa Ibra, Omani, nilinunua uwanja nje ya mji wenye karavani kumi na mbili, vile vyumba vya bati vinavyoletwa na lori na kutuliwa juu ya matofali. Mke wangu alikuwa ameshafariki, watoto wangu wako Maskati, nikadhani uwanja wenye watu utanipa watu.

Sikujua kwamba mwenye uwanja hakumbukwi ila kitu kikiharibika. Wapangaji wangu walikuwa madereva wa malori na mafundi wa ujenzi, wengi wao kutoka Pakistani na Bangladeshi. Nikiingia getini walinyamaza, kisha mmoja akanieleza kwa Kiarabu cha kuungaunga: maji hakuna, choo kimejaa, mlango haufungi. Nikampigia simu mwenye gari la maji, nikampigia wa gari la kunyonya shimo, nikakaa juani kuwasubiri. Siku nyingine nilirudi nyumbani sijasema neno ila la bomba.

Kisha akaja mzee mmoja kupanga karavani ya tisa. Kwao ni Sur, mji wa pwani, lakini alikulia Unguja. Alikuwa akishona kofia kwa mkono na kuziuza sokoni. Aliponisikia nikilaani koki kwa Kiswahili, alisimama.

"Kumbe unakisema!" akasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lakini hicho chako cha bara."

Kweli, mimi nilizaliwa Tabora. Tangu siku hiyo nilikuwa na sababu ya kwenda uwanjani hata pasipoharibika kitu. Tulikaa kivulini nyuma ya karavani yake, yeye na sindano, mimi na birika la chai. Alinisahihisha maneno bila kuninyima heshima. Nilimuuliza kwa nini haishi kwa mwanawe Sur.

"Nyumba ya mwanangu nzuri, wananipenda," akanijibu. "Lakini wajukuu wanazungumza Kiarabu mbio mbio, mimi nabaki kama mgeni aliyechelewa kuondoka."

Mara moja alinisikilizisha kanda ya kaseti ya zamani. Mama yake alikuwa akimsalimu kutoka Unguja, huku akimgombeza kwa kutoandika barua. Mzee alicheka mpaka akafuta macho.

Kiangazi kilipokaza, viyoyozi vitatu vilikufa wiki moja. Madereva walinizunguka wakipiga kelele. Mzee alisubiri waondoke, ndipo akaniambia, "Waya wa kiyoyozi changu unanuka. Mtazamishe fundi."

"Kesho, inshallah."

Siku ya pili akanikumbusha, kwa sauti ile ile ya upole. Fundi umeme alikuwa amekuja, lakini nilimpeleka kwa madereva. Waliopiga kelele nilianza nao. Mzee nilimwona mtu wangu, nikaona ataniwia radhi.

Siku ya tatu, tukiwa msikitini kwa sala ya adhuhuri, karavani ya tisa ikashika moto. Tulipofika, bati lilikuwa limejikunja na mafundi wa ujenzi wanamwaga maji kwa ndoo. Hakuna aliyeumia. Kofia zake zote ziliteketea, na ile kanda pia. Nilitaka aseme kitu, anitukane hata. Aliuliza tu kama karavani za jirani zimesalimika. Jioni ile mwanawe alikuja na gari akamchukua.

Baada ya wiki mbili nilikwenda Sur. Mwanawe alinikaribisha sebuleni, akaleta tende, halua na kahawa. Mzee alikuwa amekaa ukutani, kavaa dishdasha mpya.

"Shikamoo, mzee."

"Hayyak Allah," akanijibu, akinikaribisha. "Tafaddhal."

Akaendelea kwa Kiarabu, akiniuliza hali ya watoto, ya njia, ya joto la Ibra. Kila nilipotia Kiswahili alinirejeshea Kiarabu, kwa adabu, kama mtu anayemhudumia mgeni wa mwanawe. Mwisho sikuweza tena.

"Mzee, uliniambia mara mbili," nikasema kwa Kiswahili. "Kosa langu. Nisamehe."

Aliitikisa finjani yake kuonyesha kahawa imemtosha. "Allah yisamhak," akasema. Mungu akusamehe. La kwake mwenyewe hakulisema, nami sikuthubutu kumuuliza.

Niliporudi nilibadilisha nyaya za karavani zote, hata zilizokuwa nzima. Karavani iliyoungua ilibebwa na lori, na mahali pake sasa dereva mmoja anaegesha gari. Wapangaji wanasema uwanja umekuwa mzuri, na mimi naenda pale kitu kikiharibika.

Kila Idi napiga simu Sur. Anapokea mwanawe. "Baba amelala," ananiambia, "lakini anakusalimu sana." Namshukuru, namwambia amfikishie salamu zangu, kisha nakata simu.