Siku Lori Lilipozimwa Njia ya Mtinko

Stefano Alute alijifunza magari kwa fundi mmoja mzee aliyebaki Sekenke baada ya machimbo ya dhahabu kufungwa. Alipopata kazi ya udereva wa lori la ushirika mjini Singida alikuwa tayari anajua kufungua injini na kuifunga. Gari likinguruma barabarani alikuwa hawezi kujizuia kugeuza kichwa. Mkewe, Luciana, alikuwa akimcheka kwa hilo.

Luciana alikuwa binti wa mjane mmoja wa upande wa Mtinko, aliyeitwa Magdalena. Stefano alimheshimu mkwewe huyo kama mila inavyotaka. Akienda kumtembelea alisimama uwanjani, akainamisha macho na kusema, "Shikamoo, mama." Naye Magdalena alijibu "Marahaba" kutoka ndani ya tembe yake ya paa la udongo. Hawakuwahi kula pamoja wala kukalia kigoda kimoja. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Mwaka wa sabini na nne, lori likaanza kupoteza nguvu ya oili. Injini ikipata moto, mshale wa geji ulishuka chini kama mtu anayesinzia. Likapelekwa karakana kwa fundi Urbano, rafiki yake Stefano, waliyekuwa wamepanga naye nyumba moja enzi za ujana. Lilipotoka, mshale ulisimama wima, asubuhi na mchana. Stefano alimshika Urbano mkono kwa furaha.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenda Itigi kuchukua mabati yaliyoshushwa na treni. Alipofika stesheni akazima. Walipomaliza kupakia, akapanda, akabonyeza swichi ya stata. Injini ikaguna mara moja, ikanyamaza. Akabonyeza tena, hata kuguna haikuguna. Wakakaa kivulini mpaka injini ilipopoa, ndipo ikawaka mara moja, kama haijawahi kumsumbua mtu.

Tangu hapo ikawa hivyo. Asubuhi ikiwa baridi, lori liliwaka bila tabu. Likiwa la moto, ukizima, umekwisha. Stefano akaanza kutafuta. Alisafisha vichwa vya betri, kisha akaazima betri nyingine, hali ikawa ileile. Akalegeza bomba la nozeli, dizeli ikatoka safi, haina hewa. Isitoshe, alijisemea, kama shida ingekuwa dizeli, injini ingezunguka isiwake. Hii haizunguki. Akafungua stata akampelekea fundi wa umeme, akarudishiwa akiambiwa ni nzima kabisa.

Akamrudia Urbano.

"Injini imetoka kufunguliwa juzi," Urbano akasema, akifuta mikono bila kumwangalia. "Bado ngumu. Itazoea."

Stefano akakubali, maana alimwamini. Akajiwekea desturi ya kutozima lori njiani, na akilazimika kuzima alitafuta mteremko.

Kisha ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Kila lori lililoweza kutembea lilitakiwa kubeba watu na vyombo vyao kutoka kwenye makazi ya mbali kwenda kwenye vijiji vipya vya ujamaa. Siku moja, mwishoni mwa mwaka, Stefano akaambiwa mahali pa kwenda, akashtuka. Ni kwa mkwewe, na yeye ndiye wa kumhamisha.

Alipofika, mgambo walikwisha kubomoa paa la tembe ili mtu asije akarudi. Udongo wa dari ulikuwa umelala sakafuni, na nguzo zimesimama peke yake. Magunia ya uwele na mtama yalikuwa uwanjani, pamoja na mbegu ya msimu unaokuja. Magdalena alikuwa amesimama pembeni na ngozi ya ng'ombe begani. Luciana, aliyekuja siku iliyotangulia kumsaidia mama yake kufungasha, alikuwa ameketi juu ya kinu. Walikuwepo pia majirani wawili watatu na watoto wao.

Stefano akaliacha lori likinguruma. Katibu aliyesimamia zoezi hilo akaja mbio.

"Ndugu dereva, zima gari."

"Ndugu Katibu, likiwa la moto haliwaki tena. Ngoja tupakie hivihivi, tuondoke."

"Dizeli ya nchi hii ni kidogo, na wewe unaichoma bure? Nimesema zima."

"Ndugu Katibu, naomba unielewe..."

"Hapa ni kwa mama mkwe wako, siyo?" Katibu akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ndiyo maana unatafuta visingizio. Zima!"

Stefano akamtazama mkewe, akatazama bunduki za mgambo. Akazima.

Wakapakia. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa mashariki. Alipopanda na kubonyeza swichi, injini ikaguna mara moja, basi. Wanaume wakasukuma. Akaingiza gia, akaachia klachi, na magurudumu yakaburuzika kwenye mchanga bila kuigeuza injini hata kidogo. Mvua ya kwanza ya mwaka ikaanguka hapo hapo, kubwa, ya upepo. Turubai halikuwepo, lilikuwa limechukuliwa kwa ajili ya lori jingine. Katibu akaingia kwenye gari lake dogo akaenda zake.

Palikuwa na mahali pamoja tu pakavu, ndani ya chumba cha dereva. Stefano akashuka, akaweka watoto ndani, kisha akamwambia Luciana, "Mwambie mama apande. Mimi nakaa huku chini."

Luciana akaenda, akarudi. "Amekataa. Anasema hawezi kukalia kiti cha mkwe wake."

"Mwambie leo hakuna mkwe. Kuna mvua."

"Nimemwambia."

Magdalena alijikunyata kando ya gurudumu la mbele, ngozi juu ya kichwa, maji yakimpitia miguuni. Stefano akachukua spana kubwa, akalala chini ya injini, uso akiugeuzia upande wa pili ili asimtazame mkwewe akiwa katika hali ile. Akaiweka spana kwenye nati ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akavuta. Asubuhi ya siku iliyopita, lori likiwa baridi, aliwahi kuuzungusha kwa mkono mmoja. Sasa alivuta kwa mikono miwili na miguu ameikita kwenye chesi, usisogee.

Akaelewa. Stata ilikuwa nzima, betri nzima, dizeli nzima. Injini yenyewe ndiyo ilikuwa imebanwa. Chuma kikipata moto kinatanuka, na humo ndani hakikuachiwa nafasi ya kutanukia. Alilala pale kwenye matope akijua ugonjwa wa lori lake, na hakuwa na la kufanya ila kungoja lipoe. Juu yake alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye magunia.

Lori likawaka jua likikaribia kuzama. Walipofika kijiji kipya hapakuwa na nyumba, palikuwa na vigingi vilivyochomekwa ardhini kuonyesha kiwanja cha kila mtu.

Kesho yake Stefano alimkuta Urbano karakana, akamvuta nyuma ya matangi.

"Niambie ulichofanya kwenye ile injini."

Urbano akageuka kutazama kama kuna anayewasikia. "Metali zilikuwa zimelika," akasema, akiwa na maana ya vile vikombe vyembamba vinavyoushika mhimili wa injini. "Mpya hakuna. Nimeuliza Dodoma, nimeuliza Arusha, hakuna. Mkubwa wa karakana akasema lori linatakiwa kwenye Operesheni, nifanye ninavyojua. Nikavipiga tupa vifuniko vyake vibane zaidi, ili oili isivuje, mshale upande."

"Ukaniambia itazoea."

"Ningesemaje, Stefano? Wakikuita kwenye kikao kwa kuchelewesha Operesheni, nitalisema. Nakuahidi."

Kikao cha ushirika kikaitishwa. Katibu alidai kwamba dereva alizuia Operesheni kwa makusudi kwa sababu wanaohamishwa ni wakwe zake. Stefano akaeleza yote kuhusu moto, krenki na vifuniko. Mwenyekiti akamgeukia Urbano.

"Fundi, lori lina ubovu?"

Mkubwa wa karakana alikuwa ameketi kiti cha jirani. Urbano akatazama meza. "Mimi nililikabidhi zima," akasema. "Hata geji inasoma vizuri."

Stefano akaachishwa kazi siku hiyo hiyo.

Magdalena alikuwa tayari anakohoa. Alilazwa ndani ya kibanda cha majani ambacho Stefano alikisimamisha kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza mkwe akambeba mkwewe mgongoni, kumpeleka zahanati. Kifua kilimshinda, akafa kabla ya mbegu nyingine kupatikana. Ile yake ilikuwa imeota ndani ya magunia.

Baada ya mazishi Luciana alisema jambo moja tu, akiwa anapepeta nafaka aliyoomba kwa majirani.

"Ungekataa kuzima."

"Nilimwambia."

"Ulimwambia. Halafu ukazima."

Hakulirudia tena maishani, na Stefano hakuacha kulisikia.

Lori lilipewa dereva mwingine, naye alilipeleka hivyohivyo mpaka metali zikaungua na krenki ikakatika, akiwa amebeba pamba ya Iramba. Walisema ni uzembe wa dereva. Urbano akapandishwa cheo, akawa msimamizi.

Stefano akabaki kijijini, akilima shamba la pamoja na lake mwenyewe. Miaka ilipita. Mashine ya kusaga ya kijiji ilipoharibika, wilaya ikamleta Urbano, mvi zimemjaa. Alipomaliza kuitengeneza akauliza nyumba ya Stefano, akaelekezwa.

"Hodi, ndugu yangu."

Stefano alikuwa akinoa jembe. Luciana alichungulia mlangoni, akamwona ni nani, akarudi ndani.

"Habari za siku nyingi," Urbano akasema. "Nilikuwa nataka kukwambia kuhusu kile kikao. Nilikuwa na watoto wadogo, na yule mkubwa..."

"Mashine imepona?" Stefano akauliza.

"Imepona."

"Vizuri. Watu wana njaa."

Urbano akangoja, kofia mkononi. Kigoda kilikuwa pale pale kando ya mlango, kitupu, na Stefano hakumkaribisha kukaa. Akaendelea kunoa, akijaribu makali kwa kidole gumba, mpaka mgeni alipoaga mwenyewe na kushika njia ya kurudi mjini.