Mjukuu Aliyeletewa Jina kutoka Wales

Enzi zetu mtoto hakuchaguliwa jina, alirithishwa. Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Sib, hapa Omani, familia zilizotoka Unguja zimejazana kwenye nyumba za serikali, mama mmoja akiita "Nassor" mlangoni walikuja mbio watoto watatu, na baba mmoja aliyekuwa akinywa kahawa naye akageuka. Mikono yetu ilinuka papa mkavu na mafuta ya vitumbua, miguu imejaa mchanga, tunacheza nage mpaka adhana ya magharibi. Siku hizi vijana wanapekua simu miezi tisa kutafuta jina, na mtoto anazaliwa bado hawajaafikiana.

Kaka yangu alipewa jina la babu mzaa baba. Basi mama hakulitamka hata siku moja, kwani kwetu mke hataji jina la mkwewe. Alimwita "Bwana Mkubwa", na sote tukafuata. Wala hakupigwa. Tukivunja kikombe pamoja, ndara zilitushukia sisi wengine, yeye akaambulia visheti. "Ntampigaje mkwe wangu?" mama alikuwa akisema. Siku ya kwanza skuli mwalimu aliita jina lake tena na tena, kaka katulia tu kitini, mpaka akaandikwa kuwa hayupo. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Mwaka huu sikucheka. Binti yangu Raya, aliyeolewa na Owen, kijana wa Wales aliyesilimu, alirudi kwangu Al Amerat kujifungua, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Akapata mwana wa kiume. Ilibaki siku moja tu kufika siku ya saba, ya akika. Mbuzi wameshafungwa uani, wageni wameshaalikwa, nami moyoni nina jina moja tu, la marehemu mume wangu. Ndipo Raya akaniambia wamechagua Bryn.

"Jina hilo," wifi yangu Zuwena akauliza, "au dawa ya kikohozi?"

Owen akaeleza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba kwao maana yake ni kilima, na kwamba ni fupi, hata bibi yake mkongwe anayesahau kila kitu ataweza kulishika. Nilitabasamu kwa adabu. Wiki chache tu watampandisha ndege. Atakuwa akija kwangu kama mgeni, mtoto asiye na somo hata mmoja katika ukoo wetu? Na jina la marehemu atalibeba nani? Mchana ule sikula. Bokoboko la kuonja kabla ya wageni likaniungulia chini, jambo ambalo halijanitokea tangu niolewe.

Alasiri nikamfuata Raya chumbani. "Mwanangu, mie sikuombi dhahabu. Mpe jina la babako."

Akaniangalia kwa huruma, akanipakatisha mtoto. "Haya, mama. Mwite."

Nikafungua kinywa. Miaka yote ya ndoa nilimwita "Baba Raya", na mbele za watu nilisema "yeye". Alipofariki, jina lake nikaliacha likae na heshima yake. Jina halikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka.

"Na mie ntamgombezaje baba yangu?" Raya akasema taratibu. "Nnataka umwite, mama. Tukiwa kule baridini, umwite kwenye simu, akusikie."

Akika ikafanyika, nywele zikanyolewa, akawa Bryn bin Owen. Bibi zangu wangeshika vichwa.

Sasa wameshaondoka. Kila Ijumaa napiga simu ya video, naita "Birini", Zuwena ananicheka, na mtoto anageuza shingo kunitafuta. Hapo moyo hutulia kidogo, kisha hofu inarudi. Enzi zetu tukimpenda mtu tulilifunika jina lake kwa heshima. Watoto wetu wakimpenda wanamwita. Labda wao ndio wenye akili. Lakini mimi nimezoea njia ya zamani, na huyu Baba Raya ninayemlilia nimemwandikia ukurasa mzima, jina lake bado sijathubutu kulitia.