Maji Yako Wapi?

Sikufika chuo kikuu. PCR, njia ya kunakili DNA kwa kubadilisha joto, nilijifunza nyumbani Manyatta, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na sufuria tatu za mama. Ya kwanza ilikuwa na maji ya digrii tisini na tano, ya pili hamsini na tano, ya tatu sabini na mbili. Nilijaza maji kwenye mrija wa kalamu ya biki, nikaziba ncha zote mbili, nikajifanya ndani yake mna DNA. Niliuhamisha kutoka sufuria hadi sufuria, duru thelathini, mpaka vidole vikawa vyekundu.

"Unapika nini hicho kisichoiva?" mama aliniuliza kwa Kiembu.

Nilimweleza. DNA ni nyuzi mbili zilizoshikana, na kwenye joto kali zinaachana. Ukipoza, vipande vifupi vinavyoitwa praima vinanasa pale tu panapolingana navyo, kwenye ncha mbili za sehemu unayoitafuta. Kwenye sufuria ya tatu kimeng'enya kinajenga uzi mpya ubavuni mwa kila uzi wa zamani. Kimeng'enya hicho asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji moto, ndiyo maana hakiharibiki. Moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane. Baada ya duru thelathini unakaribia bilioni.

"Na mimi sufuria zangu nitazipata duru ya ngapi?"

Niliudhika. Nilikuwa mtu wa kuudhika mtu akicheka kitu nilichokihangaikia.

Kuna maabara ndogo mjini Embu inayopima majani ya migomba kama yana bakteria wa mnyauko. Nilienda kubisha hodi kila Jumatatu mpaka msimamizi wake, mama mmoja mzaliwa wa Laare, akachoka kunifukuza. Alicheka sana kusikia habari za sufuria.

"Haya, prof wa masufuria. Nitakuangalia mwezi mmoja. Kazi ya mwisho utaifanya peke yako. Ikitoka safi, unabaki."

Sijawahi kutaka kitu vile. Nilinawa mikono hadi ngozi ikachanika. Niliandika lebo, nikazifuta, nikaziandika tena kwa sababu herufi zililala. Kwenye daftari langu nilipigia mstari mwekundu sheria hii: mirija yenye DNA iliyokwisha kunakiliwa haifunguliwi kwenye meza ya kutayarishia mipya.

Siku ya mwisho nilipewa majani ya wakulima sita. Kwa kila kazi kuna pia mrija mmoja usiotiwa DNA yoyote, ila maji safi tu. Huo ndio shahidi wako. Mwishoni kila mrija unapewa safu yake kwenye jeli, na DNA iliyonakiliwa inang'aa humo kama mstari; maji yakionyesha mstari, ujue kuna uchafu umeingia, na hakuna jibu lolote la kuaminika.

Asubuhi hiyo, kabla sijaanza, wasiwasi ulinishika kuhusu mirija ya mazoezi ya jana, ile ya DNA ya bakteria mwenyewe. Je, kama maji yake yalipungua kwenye mashine? Je, kama sikufunga vizuri? Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka tu kuhakikisha. Nikaifungua, mmoja baada ya mwingine, pale pale kando ya mirija mipya. Kifuniko kinaporuka, tone lisiloonekana kwa jicho linaruka hewani likiwa na mamilioni ya nakala, na PCR haiulizi nakala imetoka wapi. Ikilingana na praima, inanakiliwa.

Jioni niliwasha taa chini ya jeli. Wakulima wote sita walikuwa na mstari. Na maji pia.

Sasa niseme nilichofanya. Nilipiga picha, nikaikata pembeni, safu ya maji ikatoka. Nikampelekea msimamizi. Hata nilinyoosha picha isikae upande.

Aliitazama muda mfupi tu.

"Maji yako wapi?"

Ni swali ambalo mtu huuliza akiwa na kiu, na kwa sekunde moja nilitaka kuamini ana kiu. Nilisema yalikuwa sawa, nimesahau tu kuyaingiza kwenye picha.

"Kwetu Laare mtu akificha vijiti vibaya katikati ya bunda la miraa, mnunuzi hufungua bunda," alisema. "Hawa sita ningewaambia wang'oe migomba. Ungeenda kuwasaidia kung'oa?"

"Hapana, madam."

"Uchafu tunaufuta. Kila mtu hapa ameshachafua. Uchafu si neno."

Alinyoosha mkono apokee koti la maabara. Nilivua koti, nikalikunja vizuri, kola juu, kama mjinga, kana kwamba mkunjo ungenitetea.

Siku tatu baadaye nilikuwa nyumbani, mama akichemsha chai kwenye sufuria ya digrii tisini na tano, simu ikalia. Msimamizi alikuwa ametuma picha bila neno lolote. Alikuwa amerudia kazi kwa majani yale yale. Wakulima wote sita hawakuwa na mstari. Migomba yao ilikuwa mizima. Mwishoni ilikuwepo safu ya maji, nyeusi, tupu.

Niliipanua kwa vidole viwili, nikaipanua tena, nikitafuta hata kivuli cha mstari kwenye maji yake. Mama aliniita ninywe chai mara mbili. Nilikuwa natumaini kuuona.