Nilimfundisha Nura Kusimama

Admin, nifichie jina, maana wa nyumbani wengi wanasoma hapa. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, Mkenya, niko Doha tangu 2006. Nina mke na watoto watatu Machakos. Mtakaoona neno mbwa mkaanza kucheka, chekeni mmalize kwanza, halafu msome.

Nilikuja kama soja wa kampuni, tukilala wanane chumba kimoja kule Industrial Area. Baadaye nikapelekwa kulinda geti la mzee mmoja Al Thumama. Sisi wafanyakazi tulimwita Baba Khalid. Alikuwa anafuga saluki, wale mbwa wembamba wa Kiarabu wenye miguu mirefu na manyoya masikioni. Siku moja jike lilishindwa kuzaa, nami nikasaidia kwa sababu kwetu nilizoea kuzalisha mbuzi. Mzee alikuwa akiangalia. Kesho yake akanitoa getini akanikabidhi banda.

Sikuwa mtu wa mbwa. Kwetu mbwa hulala nje na kula makombo. Lakini hawa waliniteka. Nilijifunza kuchagua dume la kupandisha, kuangalia bega, kiuno na mwendo, kuwalisha watoto maziwa ya ngamia kwa chupa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwatayarisha kwa mashindano ya urembo. Mbwa wa mashindano hufundishwa jambo moja kuliko yote: akivalishwa ile kamba nyembamba, asimame. Shingo juu, miguu imetulia, asisogee mpaka aliyemfundisha amwite. Jaji amfunue meno, watu wapige makofi, yeye tuli. Wangu hawakusogea kamwe, na nilikuwa naringa nao kuliko mzee mwenye mbwa.

Nura nilimpokea kwa mikono yangu akizaliwa, mdogo kuliko wenzake wote. Nilimlea ndani ya shati langu. Alipokua akashinda urembo mara mbili, na mgeni mmoja akataka kumnunua. Mzee akakasirika. Akasema kwao saluki hauzwi, hutolewa zawadi. Kisha akaninyooshea kidole mbele ya wageni wote: "Nura nimempa huyu. Ni wake." Tangu ujana wangu nimefanyia watu kazi, na hakuna aliyewahi kunipa kitu mbele ya watu. Nilienda bandani nikalia.

Mzee alifariki. Khalid, mwanawe, hana habari na mbwa, yeye ni magari tu. Wale wadogo aliwagawia marafiki zake. Wakabaki mbwa wazee wawili, Nura na dada yake Reem. Nikiwa nimelazwa hospitali kwa nimonia, Khalid akachukua kamba iliyokuwa imening'inia mlangoni, akamvalisha Reem, akamwamuru dereva ampeleke akamwache jangwani. "Ni mbwa wa kuwinda," aliniambia nilipotoka. "Atajitafutia."

Dereva ni Juma, wa Malindi, Mwislamu anayeshika dini, ambaye miaka yote hajamgusa mbwa hata kwa kidole. Nilimwomba anipeleke. Tulimkuta Reem amekufa pale pale, na kamba ya mashindano iko shingoni.

"Wallahi ndugu yangu, nilimshusha papa hapa," Juma akasema. "Akasimama. Nikageuza gari, nikatazama kwenye kioo, bado kasimama vile vile."

Alikuwa akisubiri nimwite. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, na nilikuwa kitandani hospitali. Hilo sijalimeza mpaka leo.

Sasa mkataba wangu umeisha. Nilimwambia Khalid kwamba Nura nilipewa na baba yake. Akacheka. "Mfanyakazi ana mbwa? Ukimtaka, baki ulinde geti. Ukienda, naye anaenda alikoenda mwenzake." Daktari wa mifugo amesema moyo wa Nura hauwezi kustahimili ndege. Nimezunguka hadi Al Mansoura kwa kila Mkenya ninayemjua, lakini nani atamchukua mbwa mzee ambaye uzee umemwachia jicho moja, wakati sisi wenyewe tunalala kwenye vitanda vya juu na chini?

Na mke wangu naye amechoka. Nilimpigia kumweleza, akasema: "Baba Mutua, mwaka juzi mbwa alikuwa anazaa. Mwaka jana mbwa alikuwa mgonjwa. Safari hii usipokuja, usije tena." Ana haki. Kitinda mimba wetu ana miaka sita na nimemwona mara moja tu.

Basi Jumatatu niliamua Nura achomwe sindano ya kumpumzisha, angalau afe mikononi mwangu. Kamba iliyobaki bandani ilikuwa ile nyembamba ya Nura ya mashindano, peke yake. Siku hizi hata kuamka kwake ni kazi, lakini nilipomvalisha aliinuka mwenyewe. Tulipofika kwa daktari akasimama katikati ya chumba, shingo juu, miguu inatetemeka lakini haisogei. Alidhani nimempeleka kwenye mashindano.

Daktari, sindano mkononi, akaniuliza, "Niendelee?"

Juma alikuwa mlangoni. Akageukia ukuta. Mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Nura, njoo." Akaja. Tukarudi nyumbani.

Ndege yangu ni Alhamisi. Ninapoandika haya amelala juu ya viatu vyangu. Msiniandikie kwamba ni mbwa tu, hilo nimeshaambiwa na kila mtu. Nishaurini kama watu wazima. Nikibaki, nimepoteza mke na watoto. Nikimrudisha kwa daktari, atasimama tena vile vile, na safari hii nisimwite. Nikienda nikamwacha, watamvalisha kamba na kumshusha kule kule, naye atasimama akisubiri. Nifanye nini, ndugu zangu? Nani atamwita?