Sakafu ya Kampung Melayu

Idd Mwinjuma alikuwa fundi marumaru, na kazi hiyo ndiyo iliyomla magoti. Alizaliwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya babu yake ambayo wakubwa waliiuza na kugawana kabla yeye hajaota ndevu. Aliingia Dubai akiwa kijana, na tangu hapo amepiga magoti kwenye mabafu, majiko na kumbi za watu asiowajua, kuanzia Deira mpaka Marina. Sakafu ikishakauka na kufutwa vumbi, mlango unafungwa, na yeye na wenzake wanapandishwa basi kwenda jengo jingine. Hakuwahi kuliona hilo kuwa ni dhuluma. Ila miaka ya karibuni, kila alipotaka kuinuka ilimbidi ashike ukuta, avute pumzi, asubiri maumivu yapungue, ndipo asimame.

Mkewe, Murtini, alikuwa Mjava wa mji wa Semarang, Indonesia, na alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka kwenye hoteli moja ya Marina. Walijuana kituo cha basi, wote wawili wakiwa wameshaachika kwenye ndoa za ujana wao. Mwanzoni walisemezana kwa Kiarabu kibovu na Kiingereza kibovu zaidi. Kisha Murtini akajifunza Kiswahili, kidogo kwa mumewe na kidogo kwa wanawake wa Mombasa aliokaa nao nyumba moja, akawa anakisema bila kusita, na "jamani" yake, na "wallahi" yake. Neno moja tu hakulibadilisha. Alimwita mumewe Mas, ambalo kwao ni kaka, na ndivyo mke anavyomwita mume kwa heshima.

Hawakujaliwa mtoto. Walipanga chumba kimoja International City, katika fleti waliyochangia jiko na choo na wapangaji wengine. Mitaa ya huko imepewa majina ya nchi: kuna Uchina, kuna Urusi, kuna Uajemi. Wao walikaa Moroko. Kutoka hapo mpaka Marina ni basi, kisha metro ya kuvuka mji mzima, na Murtini akirudi alikuwa anavua viatu akajitupa kitandani na nguo zake, mikono ikinuka sabuni ya hoteli. Zilikuwepo wiki ambazo walionana kwa kupishana tu mlangoni, mmoja akiingia, mwingine akitoka.

Kilichowaunganisha katika uchovu ule ni nyumba.

Ilikuwa nyumba ya mama yake Murtini, katika mtaa wa Kampung Melayu, nyuma ya bandari ya zamani ya Semarang. Mtaa mkongwe, wa vichochoro, wenye msikiti uliojengwa na Waarabu wa Hadhramaut. Idd aliwahi kwenda huko likizo, mara moja tu, na alipotembea kwenye vile vichochoro akaona wazee wa kikofia na saruni wamekaa nje ya milango, akahisi amerudi Ngamiani. Watu walimpa mkono. Hakuna aliyemuuliza kibali.

Lakini mtaa ule unazama. Ardhi inashuka na bahari inapanda, na maji ya chumvi yakijaa huingia mpaka sebuleni, yakakaa, yakaondoka, yakaacha tope. Watu wa pale wamezoea. Wanajaza kifusi ndani ya nyumba, wanamwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani, wanaendelea kuishi. Idd alipoliona hilo hakustahimili. Likizo yake yote aliitumia kwa magoti. Alinyanyua sakafu ya sebule, akapanga marumaru za kijani na nyeupe, akazipigia mstari mmoja ulionyooka kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Ilikuwa sakafu ya kwanza maishani mwake ambayo, baada ya kuimaliza, alikaa juu yake akanywa chai.

Haikupita miaka mingi, Karyadi, mdogo wake Murtini anayeishi humo, akatuma picha. Maji yalikuwa yameingia tena. Kifusi kilikuwa kimeshajazwa na zege limeshamwagwa. Idd aliitazama picha ile muda mrefu, zege la kijivu chini, ukuta mweupe juu, na marumaru zake hazipo.

"Ziko chini," Murtini alimwambia kwa upole. "Hazikupotea, Mas. Ziko chini."

"Najua ziko wapi."

Wakatuma fedha za sakafu nyingine, na baadaye nyingine tena. Kule Tanga dada yake Idd, Joha, alikuwa akimuuliza kila Idi kama amenunua japo kiwanja, na kila Idi Idd alimjibu inshallah mwakani. Alipata kumwambia ukweli mara moja, na Joha akasema, "Kwa hiyo unajenga baharini, tena kwa watu." Tangu siku hiyo waliongea habari za hali ya hewa na misiba tu.

Ndipo magoti yakakataa. Daktari wa kampuni alimwambia asipige magoti tena, na fundi marumaru asiyepiga magoti ni sawa na dereva asiyeona. Msimamizi wake alimwita ofisini, akampa maji baridi. "Umefanya kazi nzuri, Idd. Lakini khalas, imekwisha." Idd alikunywa maji, akashukuru, akarudi Moroko mchana kweupe, saa ambayo hakuzoea kuwa nyumbani. Chumba kilikuwa na joto. Akakaa kitandani, hakuwa na hasira wala machozi, alijisikia mzito tu, kama mfuko wa saruji ulionyeshewa na mvua.

Katika siku hizo hizo Karyadi akaleta habari. Serikali ilikuwa imejenga kingo na kuweka pampu, maji siku hizi hayaji sana. Majengo ya wakoloni wa Kiholanzi yaliyo karibu yamepakwa rangi, watalii wanakuja, nyumba zilizokuwa magofu sasa zinauza kahawa. Mtu alikuwa ameshauliza kama nyumba yao inauzwa. Karyadi alikuwa na wazo jingine: wainyanyue nyumba mara moja ya mwisho, juu kabisa, na paa nalo lipandishwe. Vyumba vya mbele wapangishe wageni, wao wakae nyuma. Murtini na Idd warudi, wapumzike.

"Warudi," Idd alirudia neno lile. "Mimi nitarudi vipi mahali nilipofika mara moja?"

Lakini alikubali. Haikuwepo mipango mingine.

Kikwazo kikatokea kwenye hati. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu mama, na Murtini alipotaka kuiandikisha kwa jina lake, wakili mmoja wa mambo ya ardhi aliuliza swali moja: mume ni raia wa wapi? Sheria ya kule hairuhusu mgeni kumiliki ardhi kwa hati kamili, na mali ya ndoa huhesabiwa ya wawili. Ili Murtini abaki na nyumba ya mama yake, ilibidi mume atie saini kwamba nyumba ile ni ya mke peke yake na yeye hana fungu ndani yake.

Murtini alimweleza Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akiwa anakata vitunguu. Alieleza yote bila kuinua macho.

"Nikisaini," Idd aliuliza, "mle ndani mimi nitakuwa nani?"

"Mume wangu."

"Mume si hati, Tini."

"Unafikiri sijui?" Aliweka kisu chini. "Nimesema na wakili mara tatu. Nimelia na wakili. Anasema ni hivyo au tuuze. Unataka tuuze?"

Idd alikitazama kile kisu. Murtini akaendelea, "Wewe umechoka, nami nimechoka. Mikono yangu inawaka usiku. Sina nguvu za kugombana na mtu ninayempenda kwa ajili ya karatasi. Ukisema tuuze, tunauza."

Idd alitoka, akaenda kukaa barazani kwenye duka la chini, akanunua chai asiyoinywa. Aliporudi alikuta chakula kimefunikwa na Murtini amelala ameelekea ukutani. Kwa siku kadhaa waliishi hivyo, wakipishana, wakiulizana chumvi.

Mwishowe Idd alimpigia Joha. Hakujua kwa nini, labda alitaka kugombezwa na mtu wa kwao. Joha alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Usisaini kitu mpaka mimi nizungumze na hao watu."

"Dada, utazungumza nao lugha gani?"

"Hiyo hiyo anayozungumza mkeo. Si anajua Kiswahili?"

Basi Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, chumba kile cha Moroko kilikuwa na simu mbili zimeegemezwa kwenye birika. Kwenye moja alionekana Karyadi, amevaa saruni na kofia, na kando yake imamu wa mtaa, mzee mwenye asili ya Hadhramaut. Kwenye nyingine alikuwa Joha, karibu sana na kamera, ametanda kanga kama mtu aliyekwenda posa. Idd alijaribu kumwamkia imamu kwa Kiarabu, akamaliza sentensi moja, ya pili ikamkwama. Kiarabu chake kilikuwa cha saiti: leta, beba, haraka, kesho. Hakikuwa na maneno ya kuomba mahali pa kuzeekea. Akamgeukia mkewe, na ikawa Murtini ndiye anayetafsiri kila kitu, huku na huku, mambo yanayomhusu yeye mwenyewe.

Joha hakuzunguka. "Wifi, mwambie mdogo wako hivi. Mimi ndiye mkubwa wa Idd, wazazi hawapo. Sitaki nyumba yenu. Nataka kujua neno moja. Wewe ukitangulia mbele ya haki, mdogo wangu atalala wapi?"

Idd akasema, "Dada, acha hilo."

"Sisemi kwa ubaya. Atafsiri."

Murtini akatafsiri. Ilikuwa sentensi fupi, lakini aliitoa kwa vipande, na Idd, ingawa hakuijua lugha ile, alijua ni kipande gani kilichokuwa kifo cha mkewe. Upande wa pili Karyadi aliangalia chini. Imamu hakumsaidia, alingoja tu. Kelele za pikipiki zilisikika kutoka kichochoroni kwao, na kwenye simu ya Joha jogoo alikuwa anawika.

Kisha Karyadi akasema kitu, polepole.

"Anasema nini?" Joha aliuliza.

Murtini alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Anasema, atalala pale pale alipokuwa analala. Anasema sakafu ya kwanza aliinyanyua yeye Mas Idd, na yeye Karyadi ndiye aliyeifukia, na siku ile hakulala vizuri."

Imamu akaongeza maneno yake, na Murtini akayaleta: kwamba yeye amesikia, ni shahidi, na watoto wa Karyadi nao wataambiwa.

Joha alijitanda kanga yake upya. "Ni maneno tu," alisema. "Lakini yamesemwa mbele ya watu. Haya. Sasa saini ukitaka, Idd. Mimi nimemaliza." Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Idd alitia saini wiki ileile, katika ubalozi mdogo wa Indonesia, kwenye chumba chenye baridi kali ya kiyoyozi. Baadaye alikiri kwa Murtini kwamba haikuwa moyo mkubwa kama mkewe alivyodhani. Alisaini kwa sababu alikuwa amechoka kushikilia, na alipoachia kalamu alihisi nafuu, kisha aibu kwa kuhisi nafuu, kisha njaa. Walikula biriani nje, hawakuongea sana. Murtini alimwekea nyama yake kwenye sahani.

Mipango haikwenda yote. Fedha za kuachishwa kazi hazikutosha kunyanyua paa, na karatasi za Idd za kukaa Indonesia kama mume wa raia zilihitaji muda. Murtini akatangulia. Idd akabaki, na Alfred, Mganda aliyewahi kukaa naye kambi moja ya wafanyakazi, ambaye sasa alisimamia maegesho ya mnara mmoja Marina, akamtafutia kazi ya kukaa kwenye kibanda cha kuingilia magari. "Ni kazi ya kukaa, mzee wangu," Alfred alisema. "Kubonyeza tu." Idd akahamia kitanda kimoja katika chumba cha wanaume wanne, kulekule Moroko, na sasa ni yeye aliyevuka mji kwa metro njia aliyokuwa akipita mkewe.

Mchana mmoja Murtini alimpigia kwa video. Zege lilikuwa limekauka, na fundi wa huko alikuwa amepiga magoti sebuleni, anapanga marumaru. Alitaka kujua mteremko uelekee wapi.

"Mlangoni," Idd alisema. "Maji yakija yapate njia ya kutoka. Na mwambie asiharakishe pembeni, pembeni ndiko kunakopasuka."

Murtini akamwambia fundi. Fundi aliinua kichwa, akatabasamu kwenye simu, akarudi kazini. Idd aliendelea kumtazama mgongo mpaka gari lililofika kwenye kizuizi likapiga honi, na dereva akatoa mkono dirishani. "Yalla, baba, yalla!" Akabonyeza. Kizuizi kikapanda. Aliporudisha macho kwenye simu, mtandao ulikuwa umekatika.

Ilipofika zamu yake ya kupumzika alikuta ujumbe wa sauti wa Joha. Alitaka kujua Idd anarudi lini. Idd akampigia, akamweleza kwamba karatasi zikitoka atapita Tanga kwanza, akae naye hata mwezi, kisha ndipo aende zake.

"Utakuja na mkeo?" Joha aliuliza.

"Hapana. Yeye yuko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Semarang, dada," Idd alisema, na akaanza kutafuta kopo lake la chakula.