Shata la jirani lilikuwa juu asubuhi, nikaenda zangu kazini

Wakuu, heshima kwenu.

Hili sijawahi kuliandika popote. Nalileta kama lilivyotokea, sina sababu ya kulitia chumvi.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, Germantown, Maryland. Nilikuwa naishi townhouse na mke wangu, nahudumia wazee kwenye nursing home moja Rockville. Mlango wa pili aliishi Mama Lorraine, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, mjane. Kiswahili alijifunza darasani ukubwani, na alikiongea kwa utaratibu kuliko mimi.

Dirisha lake la mbele lilikuwa na shata la alumini, la kuviringisha kama la duka. Jioni analishusha, alfajiri analipandisha. Tukakubaliana: nikipita kwenda kazini nikaliona limepanda, nijue ameamka salama.

Kwetu nyumbani ningepiga hodi tu. Lakini huko nilishaambiwa mtu haendewi bila kupigiwa simu, nami nikajifanya nimestaarabika.

Jumamosi moja ya Julai, shata halikupanda mpaka saa nne. Nikakimbilia kwake na ufunguo alionipa, roho mkononi.

Nikamkuta anakunywa kahawa. Alichelewa kuamka, jua likamtangulia, alumini ikatanuka na vipande vikabana kwenye reli. Alinicheka sana. Jioni kulipopoa likapanda bila shida.

Niliona aibu. Nikajiapiza sitamvamia tena ovyo.

Ikaja Januari. Mvua ilinyesha mchana kutwa, jioni baridi ikashuka ghafla, kila kilicholowa kikawa barafu.

Kesho yake natoka saa kumi na mbili, naona shata liko juu. Nikasema moyoni, mama kaniwahi leo. Nikawasha gari, nikaliacha lipate moto, nikaondoka.

Narudi saa kumi jioni, gazeti lake bado liko nje. Hapo ndipo nikalitazama shata vizuri. Barafu ilikuwa imejaa kwenye reli pande zote mbili.

Yaani halikupandishwa asubuhi. Halikushuka kabisa tangu jana.

Wakuu, nilikimbilia mlangoni kwake.

Nikagonga. "Hodi."

"Hodi, Mama Lorraine."

Ndani, kwa sauti ndogo sana: "Karibu."

Alikuwa sakafuni jikoni, nyonga imevunjika. Jana yake jioni alivuta mkanda wa shata, likagoma, akaliacha. Akaenda kuchemsha chai, akateleza. Nikamfunika koti langu, nikapiga 911.

Tukisubiri ambulance akanishika mkono. "Mwanangu, nilisikia gari lako asubuhi. Nikasema, sasa anakuja."

Kutwa nzima nalipwa kuwageuza wazee wa watu vitandani, na wangu yuko sakafuni, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu.

Alipona, akawa anatembea kwa mkongojo. Fundi wa shata alisema ni kawaida: joto linaitanua alumini, baridi inaisinyaza, na maji yakigandia kwenye reli shata halisogei.

Kwa hiyo chuma kinafuata hali ya hewa, hakina habari na mtu. Tangu siku ile nikawa nabisha hodi kila asubuhi. Alilalamika namkatisha usingizi, mimi nikaendelea.

Nyie mlioko ughaibuni, bado mnapiga hodi, au mnaangalia madirisha kama mimi? Semeni ukweli, hata kama utaniuma.