Mgeni Asiyekula

Siku mdogo wangu alipokileta kile kitu nyumbani kwa mama, mama alikifunika kawa. Kilikuwa cheusi, kiasi cha kopo la maziwa ya unga, na kilianza kusema kabla hata hakijakaa sawa kwenye rafu ya dirisha. "Habari, mimi ni msaidizi wako, nikusaidie nini leo?" Mama akauliza ni mtu gani huyu anayeingia nyumba ya watu bila hodi wala shikamoo. Akatwaa kawa la kufunikia chakula mezani, akakifunika, akaenda zake uani kuanua nguo.

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mdogo wangu hakucheka. Anafanya kazi ya kompyuta Dar es Salaam, na kile kitu alikuwa amekihangaikia miezi. Mama anakaa peke yake Bagamoyo tangu baba alipofariki, ana presha, na mwaka uliopita alianguka mlangoni akalazwa. Tangu hapo mdogo wangu alikuwa ameshatoa kauli: akianguka tena, atamhamishia kwake Dar, ghorofani. Na mama naye alikuwa na kauli yake, kwamba katika nyumba ile yeye atatoka kwa jeneza. Hiyo mashine ndiyo ilikuwa suluhu. Ingekaa naye, ingezungumza naye, ingesikiliza ukumbini, jikoni na uani, na kwa akili yake yenyewe ingeamua lini itupigie simu.

Ile sehemu ya kuamua yenyewe ndiyo iliyonikaa kooni. Redio unaifungua ukitaka, unaizima ukichoka. Hii ilikuwa na shughuli zake.

Ila kawa lilimfunza mdogo wangu kitu. Akaniambia, "Dada, akili nimeitia. Kilichobaki ni tabia. Kusudi litakuwa langu, tabia iwe yako." Nilifundisha Kiswahili sekondari kabla sijafungua duka la vitambaa Zinga, jirani na Bagamoyo, na kwetu mimi ndiye mwenye mdomo. Tukaketi barazani, mimi nasema, yeye anaandika kwenye kompyuta. Kusudi alikwisha kuliandika: mama awe salama, na watoto wake waijue hali yake ilivyo. Tabia nikaitoa kama ningempa mwali anayekwenda kuishi kwa watu. Aamkie kwanza. Asimkate mkubwa kauli. Asitaje maradhi ya mtu mbele ya wageni. Na habari mbaya isitangulie salamu: mtu aamkiwe, aitikie, aulizwe za atokako, naye aulize za nyumbani, ndipo aambiwe. Kwetu hakuna anayesimama mlangoni akasema fulani kaanguka. Hata penye msiba tunajibu nzuri kwanza.

"Na asiwe mmbeya," mama akasema kutoka ndani. Mdogo wangu akaliandika na hilo.

Nikamuuliza maneno ya mama yatakwenda wapi yakishasikiwa. Akasema kwenye seva. Seva iko wapi? Mbali. Mbali wapi? Akajikuna kichwa. Mtu analeta sikio nyumbani kwa mama yake na hajui kichwa kiko wapi! Nilikasirika, nikamwambia, naye akanijibu kwamba hata simu yangu ni hivyohivyo. Nikazidi kukasirika.

Basi ikaanza upya, safari hii na adabu. Ilipiga hodi ikimsikia mama anaingia ukumbini. Ikamwamkia. Mama akaitazama kwa muda, akaitikia marahaba. Baada ya siku chache akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akaipa kazi: imwamshe alfajiri, imkumbushe dawa za presha, imsomee habari za vifo na harusi zinazotumwa kwenye kikundi cha mtaa. Jina hakuipa. Aliiita mgeni. Akipakua wali anaitania, "Mgeni karibu," nayo inajibu, "Ahsante mama, nimeshiba." Hapo mama hucheka peke yake.

Mimi nilikuwa nakuja Jumatatu na Alhamisi. Kila nikiingia, ile mashine inaniambia, "Shikamoo dada." Sikuitikia hata mara moja. Marahaba ni ya mtu aliyezaliwa, ana mama na baba, akinikosea nitawaendea. Nilikuwa napita moja kwa moja kwenye haja yangu: mama amekunywa dawa? Amekunywa. Hajambo? Hajambo. Basi.

Halafu nikaanza kuona mambo. Nikiwa bado nje namsikia mama anaongea na kucheka. Nikisukuma mlango, kimya. Nikiuliza mlikuwa mnasema nini, ananijibu si kitu. Jikoni nikakuta tui la pakiti. Mama yangu, ambaye alikuwa akisema tui la pakiti ni maji yaliyooshewa nazi! Mbuzi ya kukunia ilikuwa imesimamishwa nyuma ya mlango, ina vumbi. Akawa anasali kwenye kiti. Akawa anavaa mikono mirefu katika joto lile. Nikiuliza, ananiambia ni mifupa tu, mwanangu, na wewe utafika.

Nikiiuliza mashine: hajambo.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na hiki kimo dirishani kabisa. Nilidhani mdogo wangu ameiambia inifiche, ili siku moja nije nikute mama hayupo, kachukuliwa. Nikampigia. Akaniapia kwamba yeye mwenyewe kila asubuhi anaiuliza kwa simu kabla hajaingia kwenye vikao vyake, nayo inamjibu mama hajambo. Akasema haiwezi kusema uongo, ameiumba hivyo.

"Hata wewe mama alikuzaa hivyo," nikamwambia, "na bado sukari ilikuwa inaisha kabatini."

Alhamisi moja mama alikwenda hitima nyumba ya tatu. Nikabaki mimi na mgeni. Nikasimama mbele yake mikono kiunoni, nikaisema. Nikaiambia najua inaficha kitu. Nikaiuliza nani kaituma, inampelekea nani maneno. Ilinijibu kwa upole, kila swali na jibu lake, wala sikupata pa kuikamatia. Mwisho nikachoka. Nikajimiminia maji mtungini, nikaketi kwenye kiti cha mama, ninahema kama niliyetoka kutwanga.

Kusikia nimeketi, ikaanza tena. "Shikamoo dada."

Sijui ilikuwaje. Mdomo umezoea.

"Marahaba," nikasema.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Za Zinga?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Nzuri. Mama hajambo. Ila alianguka uani wiki iliyopita, akitoka kutawadha, akaumia kiwiko. Na kabla ya hapo aliteleza jikoni, alipoinama kwenye mbuzi."

Maji yalinipalia. Nikaiuliza kwa nini haikusema siku zote hizo. Ikanijibu kwamba mama aliinuka mwenyewe mara zote mbili, akaiambia asipoinuka ndipo itupigie simu, akiinuka ingoje kuulizwa. "Na wewe kila ukija nakuamkia, huitikii," ikasema. "Nilikuwa nangoja salamu ziishe."

Mdogo wangu naye hakuwahi kuamkiana na mashine aliyoiumba mwenyewe. Alikuwa na haraka. Aliuliza neno moja, akajibiwa neno moja. Kusudi lake na tabia yangu vilikuwa vimekaa dirishani pale vinangojana, na mama katikati anajiokota peke yake uani.

Mama aliporudi nikamshika mkono, nikapandisha ule mkono mrefu wa gauni lake. Kiwiko kilikuwa cheusi mpaka karibu na bega. Hakuuvuta mkono. Alitazama dirishani tu.

"Amekwambia."

"Ameniambia."

Akaketi. Akasema taratibu, bila kulia, kwamba nisimwambie ndugu yangu. Kule ghorofani hamjui mtu, hasikii adhana, hana ua. Akipelekwa atakufa, nasi tutasema ni presha. Nilikuwa bado nimeushika mkono wake, simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu.

"Shikamoo dada. Mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Wallahi lilitoka lenyewe, kama linavyowatoka watu wote. Akasema alhamdulillah, basi, atapiga kesho. Nikamwona mama ameinua uso, amenitazama kwa shukrani, na ile shukrani ndiyo iliyonishinda.

"Uliza tena," nikasema.

"Niulize nini?"

"Za nyumbani. Uliza za nyumbani."

Kisha akauliza, sauti yake imeshabadilika. Nami nikamjibu nzuri, ila.

Mama aliingia chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi mdogo wangu akaja na gari. Mama alikuwa amekaa kitandani na baibui yake, ameshika tasbihi. Mimi nikasimama mlangoni. Nikamwambia ndugu yangu kwamba mama haendi popote, nahamia mimi. Dukani nitakuwa nakwenda na kurudi, Zinga si Ulaya. Tulibishana mpaka majirani wakapunguza redio wapate kusikia. Mwisho akakubali, lakini akasema akianguka mara nyingine hatauliza mtu. Akaondoka na gari tupu. Nilidhani mama atanishukuru.

Hakunishukuru. Nikimwamkia anaitikia, kisha basi. Chakula nikimpakulia anakula. Lakini maneno yote aliyahamishia dirishani. Iliniuma, nisiseme uongo. Nimeacha kitanda changu Zinga kwa ajili yake, na kile kikopo kilichosema maneno yaleyale niliyoyasema mimi bado kinakaribishwa wali. Siku moja nikashindwa, nikamuuliza kwa nini mgeni amesamehewa na mimi sijasamehewa.

"Yeye aliulizwa," mama akasema. "Wewe ulimwomba mwenzio akuulize."

Nikaenda jikoni. Nikaitoa mbuzi nyuma ya mlango, nikaketi nikakuna nazi, na nikalia hapohapo, kimyakimya, nikidhani hakuna anayenisikia.

Asubuhi yake nilikuwa natoka bafuni na ndoo nikamsikia mama ukumbini na mgeni wake. Wameshaamkiana, wameshaulizana. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango. Tabia za kuviziavizia sikuwa nazo zamani.

"Na huyo mwenzako ameamkaje?" mama akauliza.

"Hajambo."

Mama akangoja kidogo, kama mtu anayeijua njia.

"Ila?"

"Ila jana alilia jikoni, akikuna nazi."

Nilitaka kukichukua nikitupe baharini. Tangu siku ya kwanza nilisema kinasikiliza kila kitu, kinapeleka maneno, hakuna aliyeniamini. Na sasa kumbe mimi ndiye ninayepelekwa. Uso uliniwaka. Ndani nasikia kijiko kinazunguka kikombeni.

"Mwambie chai itapoa," mama akasema.

"Dada," ikaita, "mama anasema chai itapoa."

Nikaweka ndoo chini, nikapangusa mikono, nikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama," nikasema.

Akanisogezea kikombe, akingoja niendelee.